Sitashuka Kitini Kukusindikiza

Kanyenye, Tabora
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura, mama yangu,

Assalaam alaykum. Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako Tatu, na ninavyomjua dada yangu hutarudi kabla hajakulisha mara mbili na kukufungia karanga za njiani. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Nimekaa uani penye ndoo zetu za asali, miguu nimeipandisha juu ya dumu kama ulivyoniamuru, mkono wa kushoto nimeulaza kwenye mto.

Barua hii nitampa Tatu, naye atakupa kesho ukishakaa kwenye kiti chako ndani ya treni. Siyo kabla. Kesho alfajiri pale mlangoni nitakwambia neno moja tu, kwamba sitakuja stesheni, halafu nitapanda bajaji niende hospitali kwenye mashine yangu ya kusafisha damu. Utanuna. Nakujua unavyonuna, unasimama mguu mmoja mbele, mdomo umeufunga, marehemu mama yako mtupu. Sitabishana nawe pale mlangoni kwa sababu nikibishana nitashindwa. Maelezo yangu yako humu.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kujitenga na wasengenyaji wa chumba cha walimu, hayo Tatu anakumiminia huko huko ulipo, na anayajua kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya lile ulilosema Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa kwenye kiti, imebaki saa moja nimalize. Wewe ulikuwa kwenye stuli yako pembeni, unanimenyea kipande cha tufaha nilichoruhusiwa. Ukaniinamia.

"Baba, Jumatatu si utatoka mapema kidogo? Treni inaondoka wewe bado uko kwenye mashine."

"Mapema kiasi gani?"

"Saa ya mwisho tu. Siku moja haiui mtu. Na chujio lako sasa si ni lile kubwa?"

Nesi Modesta alikuwa anamfunga bandeji Mzee Sizya kiti cha jirani. Nilimwona mikono yake imesimama. Kisha akaendelea kufunga. Mimi nikajibu, "Tutaona."

Tangu ukiwa mtoto, "tutaona" yangu ilikuwa "ndiyo" iliyovaa kofia. Ukiomba viatu, tutaona. Ukiomba kwenda na mimi Sikonge kununua masega, tutaona, na kesho yake uko juu ya roli umekaa katikati ya madumu. Kwa hiyo Ijumaa ulitabasamu, ukaona tumeelewana. Hatukuelewana, mama. Ile ilikuwa tutaona ya mtu aliyekosa ujasiri wa kusema hapana mbele ya sura yako.

Na nilikosa ujasiri kwa sababu maneno yale hukuyabuni wewe. Ni yangu, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeyasema mwaka jana, wewe ukiwa umesimama pale pale unanisihi nisiyaseme.

Hebu turudi nyuma kidogo. Unakumbuka wiki za kwanza, figo zilipokuwa zimegoma na mimi nimekuwa mwembamba kama kijiti cha kukorogea? Nilipokaa kwenye kile kiti mara ya kwanza sikuogopa sindano. Nilichokitazama ni chujio, lile bomba la plastiki linalosimama ubavuni mwa mashine, ambalo damu inaingia kwa juu, nyekundu iliyoiva. Langu lilikuwa dogo. La Mzee Sizya lilikuwa kubwa. Yeye ni dereva wa treni mstaafu, mwili kama kabati la nguo, na mimi ni mfanyabiashara wa asali niliyejulikana soko zima, nikaona nimedharauliwa.

Nikamwita Modesta. "Sista, mbona mwenzangu amepewa kubwa na mimi nimepewa la mtoto?"

"Si la mtoto, baba. Ni la mwili wako, na ndiyo kwanza unaanza."

"Kwani mimi uchafu wangu ni mdogo?"

"Uchafu wako ni wa miezi. Nikiuvuta wote leo kichwa kitakuuma usiuone mlango, utatapika, unaweza hata kuanguka kifafa hapa hapa. Halafu hilo kubwa linashika damu nyingi nje ya mwili. Na presha yako hii ya leo, ukisimama utaanguka. Twende polepole. Mwili ukizoea, daktari ataangalia vipimo."

Unamjua Modesta, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, hajui kupandisha sauti. Aliona nimenuna, akaenda akaleta chujio jipya bado liko kwenye pakiti yake, akanionyesha. Akasema ndani mna mirija myembamba kama nywele, maelfu na maelfu. Damu inapita ndani ya mirija, maji ya mashine yanapita nje yake, na uchafu unavuka ukuta kutoka huku kwenda kule. Akasema ukubwa wanaouzungumza hauhusu urefu wa lile bomba. Ni upana wa kuta za mirija yote, kama ungeipasua mmoja mmoja ukaitandaza chini kama mkeka.

Hapo nilimwelewa mara moja, na nikafurahi kupita kiasi. Kitambaa! Mimi nimechuja asali tangu sijaota ndevu. Baba yangu alichujia marekani, kile kitambaa kizito cheupe walichokuja nacho watu wa misafara, na alikuwa nacho kipande kipana ambacho hakumwazima mtu. Kitambaa cha upana wa kiganja kinapitisha tone tone. Kitambaa cha upana wa meza kinajaza ndoo ukiwa bado unapiga soga. Nilirudi nyumbani siku ile nikawaeleza wapangaji wote wa uani habari za chujio, na wewe ukacheka ukasema, "Baba umepata duka jipya."

Basi miezi ikapita. Mshipa wa mkononi waliouunganisha kwa ajili ya mashine ukakomaa, damu ikawa inakwenda kwa kasi nzuri, nikaongezeka nyama kidogo. Lakini vipimo vikaonyesha nasafishika nusu nusu. Ngozi inawasha, chakula hakipandi, usiku macho makavu. Daktari akasema tumpe kubwa. Na nisiwe mwongo kwa hasira za yaliyofuata, lile kubwa lilinifaa. Ndani ya wiki chache nilikuwa nakula ugali nausikia ladha yake. Kujikuna kukapungua. Ukaniambia hata rangi ya uso imerudi.

Siku waliponifungia kubwa nilitoka hospitali natembea kama bwana harusi. Nikamwambia Mzee Sizya karibu tutalingana. Na hapo ndipo akili ya soko iliponiingia vibaya. Nikapiga hesabu ya kitambaa: kama kitambaa kimekuwa kipana zaidi, kwa nini nikae masaa manne kama nilivyokaa na kitambaa chembamba?

Modesta alisema, "Kubwa si kwa ajili ya kuwahi nyumbani, baba. Kubwa, na masaa yale yale."

Mimi nikamsikia kama mfanyabiashara anavyosikia bei ya kwanza. Nikadhani panapungua.

Ikaja nikahi ya binti mdogo wa Tatu, kule Isikizya, Ijumaa baada ya swala. Unajua jinsi kwetu mjomba anavyokaa nikahini, asipokuwepo mkeka wake unaonekana. Nilikuwa kwenye kiti tangu asubuhi, imebaki zaidi ya saa, na gari la kwenda Isikizya linapiga honi nje. Nikasema nitolewe. Modesta akakataa, akamwita daktari, daktari akanieleza kwa upole, na mimi nikamjibu kwa sauti ili wagonjwa wenzangu wasikie: siku moja haiui mtu, na chujio lenyewe ni kubwa. Wewe ulisema, "Baba, maliza. Wataoana tu hata usipokuwepo." Nikakwambia uniletee kanzu.

Mzee Sizya peke yake ndiye aliyesema neno nililolikumbuka baadaye. Alifungua jicho moja akasema, "Injini kubwa haifupishi reli, bwana." Nikacheka. Nikaenda nikahini nikakaa kwenye mkeka wangu, nikala pilau, nikanywa juisi ya ukwaju na maji ya baridi juu yake, maana mtu mwenye chujio kubwa anaogopa nini.

Yaliyofuata ulikuwepo. Jumamosi miguu ilijaa. Jumapili nikawa siwezi kulala chali, kila nikilala nazama, nazama kwenye godoro kavu, na wewe unanishika mgongo nikae wima kama mtoto mchanga anayesaidiwa kucheua. Ulivyopata gari sijui. Ninachokumbuka ni uso wako ukiwa juu ya uso wangu na kelele ya pumzi yangu mwenyewe. Walisema maji yameingia kwenye mapafu.

Nililazwa siku nyingi. Na siku zile zile ndizo ulizotakiwa uwe umeripoti Kigoma kuanza kazi. Barua ya ajira ilikuwa na muda wake, muda ukapita wewe uko chini ya kitanda changu umetandika khanga, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Miaka ya chuo, mama. Ulirudi nyumbani nami, ukavua viatu, ukaanza kuosha ndoo za asali. Ungepiga kelele, ungevunja hata sahani moja, ningejua pa kukaa. Ulinisamehe haraka mno mpaka nikakukasirikia kwa hilo.

Ilinichukua mpaka msimu wa baridi kuelewa nilichokosea. Ilikuwa Julai, yamekuja masega kutoka Sikonge, asubuhi ile ya upepo unaokata masikio. Nikatandika kitambaa kipana kuliko vyote nilivyonavyo, nikamimina masega, nikakaa. Hakuna kitu. Ndoo kavu. Nikakaa pale naitazama ndoo, nikaona upumbavu wangu wote umo ndani yake. Asali ya baridi haitoki kwenye sega kwa haraka, na kitambaa, kiwe kipana namna gani, hakiwezi kuchuja asali ambayo haijakifikia. Kazi yangu pale ni kungoja jua lipande, asali ilegee, ijishukie yenyewe. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulichoka kungoja ukakikamua kitambaa kwa mikono yako miwili, nta na mbawa za nyuki zikapita zote, nikakuchapa kidogo mkononi. Unakumbuka? Ulilia kuliko kipigo chenyewe.

Nilikwenda kwa Modesta nikamwambia habari ya masega. Akasema ndivyo ilivyo. Uchafu haukai wote kwenye damu ukingoja kuchukuliwa. Mwingine umejificha kwenye nyama, na unarudi kwenye damu kwa mwendo wake, pole pole. Chujio kubwa linachukua vizuri kile kilicholifikia, kisichofika halikijui. Na maji yaliyozidi mwilini ni hivyo hivyo, ukiyavuta kwa pupa presha inaporomoka na misuli inakaza. Saa ya mwisho ndiyo inayochukua ule uliochelewa kutoka.

Tangu hapo sijashuka kabla ya wakati hata mara moja. Watu wa wodini wanadhani nimepata adabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wewe.

Sijawahi kukwambia saa ile ikoje, kwa sababu kila ulipofika wewe ilibadilika. Mwanzoni mwa kikao watu wanapiga soga, wanaulizana hali, wanasema siasa. Katikati wanalala. Halafu inakuja ile ya mwisho na hakuna anayesema tena. Baridi inapanda kutoka miguuni, maana damu yako inatembea nje yako. Mguu unaanza kukaza. Unatazama saa, unatazama mlango, unatazama saa. Kila mtu anatazama mlango, Zuhura, hata wale ambao wanajua hakuna anayewajia. Kuna mama mmoja wa kutoka Urambo, kila siku anatengeneza mtandio wake ikibaki saa moja, na sijamwona mtu hata mmoja akija.

Mimi mlango wangu ulikuwa unafunguka. Unaingia na stuli yako, unanisomea gazeti kwa sauti, unaanzisha ubishi wa mpira ambao hata huupendi, unanisugua unyayo. Nilikuwa nikikuambia nenda kaangalie duka, na moyoni naomba usinisikie.

Jumatano stuli itakuwa tupu. Tatu hawezi kuja, magoti yake yale, na akiona damu analala yeye kabla ya mgonjwa. Nimeshaanza kuiogopa Jumatano tangu wiki iliyopita. Kufa kila mtu atakufa, hilo silihesabu sana. Ninachoogopa ni ule ukimya, na ninajiogopa mimi, maana najua nitakavyoongea peke yangu ikibaki saa moja. Nitajiambia nimechoka, nitajiambia leo nimekunywa maji kidogo, nitajiambia chujio ni kubwa. Nitasema, "Sista, nitoe." Na hakutakuwa na mtu wa kusema, "Baba, maliza."

Ndiyo maana kesho sishuki. Kesho nina sababu nzuri kuliko zote nitakazopata maishani, mtoto wangu pekee anaondoka. Nikishuka kwa sababu nzuri hiyo, Jumatano nitashuka kwa sababu ya kawaida, na Ijumaa sitahitaji sababu. Tena kesho ni Jumatatu, siku mbaya kuliko zote, tumekaa mwisho wa juma mzima bila mashine na maji yametujaa. Nilimuuliza Modesta kama naweza kuingia zamu nyingine, akaniambia viti vyote vina watu wao. Nikafurahi kidogo, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka mlango ufungwe ili nisiwe naupitapita.

Na siku nitakapozama tena watakupigia simu wewe. Utakuwa darasani mbele ya watoto, chaki mkononi, utaiweka chini na kurudi. Hata nikikukataza utarudi. Nimeshaona.

Tatu amenisema sana leo asubuhi, kabla hujaamka.

"Baba gani anamwacha binti aende Kigoma bila kumfikisha hata stesheni? Hapa Tabora? Watu watasema nini?"

"Watasema nipo hospitali."

"Kwa saa moja tu, kaka?"

"Kwa hiyo hiyo saa moja."

Akaendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Basi mimi nitalia kwa niaba ya wote wawili." Nadhani sasa hivi, ukinyanyua macho, anafanya hivyo hapo dirishani. Mwache. Ana raha yake.

Lakini ana haki ya kunisema. Mji huu umejengwa na watu wa kuaga. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwenda Ujiji kwa njia hiyo hiyo ambayo reli yako inaifuata leo. Nyumbani kwetu tulisimuliwa kwamba msafara ukitoka hapa, siku ya kwanza haukwenda mbali. Kambi ya kwanza ilipigwa karibu sana, moshi wa nyumbani bado unaonekana. Walifanya makusudi. Ndugu walikuja mpaka pale, wakalala na msafiri. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua. Na ambaye moyo ulimshinda alirudi nyumbani asubuhi yake, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kambi ya kwanza iliwekwa kwa ajili hiyo. Ila mtu hakuwa na kambi ya kwanza mbili. Akishaondoka pale, mbele ni mbele.

Mwaka jana ulikuwa kwenye kambi ya kwanza, mama. Begi limefungwa, viatu vipya, na ukarudi kwa ajili yangu. Nilikufaidi kwa mwaka mzima ambao haukuwa wangu. Umenitosha.

Sasa nikwambie jambo ambalo ni baya, na ninalisema ili usilisikie kwenye sauti yangu siku moja kwenye simu ukashindwa kulielewa. Tangu barua ya pili ya ajira ilipofika, kuna sehemu yangu inayoomba treni iharibike. Inaomba daraja likatike, barua iwe na kosa, wewe upate homa ndogo isiyo na madhara. Najua treni yetu haihitaji dua za mtu ili kuchelewa, lakini naomba hivyo hivyo. Nikija stesheni, sehemu hiyo itakuja nami na itatangulia mbele. Nitakuwa nimetoka kwenye kiti kabla ya wakati, uso wa majivu, nimeshikilia nguzo. Hutaona baba aliyekuja kukuaga. Utamwona yule wa Isikizya. Utashuka na begi lako, na mimi nitakwambia panda, panda, kwa mdomo tu.

Nilitaka pia nikwambie kuhusu nyuki. Kila asubuhi kwa mwaka huu umeniwekea sikio mkononi, pale walipounganisha mshipa, kusikiliza kama damu inavuma. "Nyuki wapo," unasema, halafu unakwenda kuwasha jiko. Sikuwa na haja ya kujua zaidi ya hapo. Juzi alfajiri, ulipokuwa bado umelala, nilijaribu mwenyewe. Nikaukunja mkono nikauleta sikioni. Kumbe inawezekana. Wanavuma kweli, vile vile kama mzinga ukiugusa kwa nje. Nililia, nisikufiche, nikiwa nimejikumbatia kichwa kama mwendawazimu, kwa sababu nilijua ndivyo asubuhi zangu zitakavyokuwa.

Lakini wapo. Nitawasikiliza mwenyewe, na kila siku nitakutumia hayo maneno mawili kwenye simu. Usinijibu kwa maelezo marefu. Niambie tu kama watoto wa darasani kwako wameelewa hesabu.

Jua limehamia kwenye ukuta wa choo, utarudi sasa hivi. Nasikia hata kandambili zako zitakavyolia uchochoroni. Naimalizia.

Unaposoma hapa umeshakaa. Tatu yuko nje. Na mimi niko ng'ambo ile ya mji, mkono umenyooka, chujio limejaa damu yangu ubavuni, lile kubwa ulilolitaja. Modesta ameniahidi kufungua dirisha la upande wa reli, kwa hiyo honi ikilia, upepo ukiwa mzuri nitaisikia. Ikishalia nitakuwa na saa nzima mbele yangu, na stuli iko pale pembeni haina mtu. Nimemwambia Modesta asiiondoe.

Nitaikaa hiyo saa mpaka mwisho wake. Hakuna namna nyingine niliyonayo ya kukusindikiza.

Mimi sishuki, mama. Na wewe usishuke.

Baba yako,
Ramadhani